Geuza Jani, Utazame Chini Yake

Jioni hii najua wengi wenu mko jikoni, na pengine kwenye sufuria iliyoko motoni mna fungu la mchicha mlilonunua mchana. Nimekuja kuzungumza juu ya fungu hilo. Nataka nimsaidie yule ambaye hajawahi kupanda mboga hata siku moja aweze kulichuma uani kwake.

Wiki iliyopita alinijia jirani yangu mmoja, mama kijana, mkononi ana mche wa nyanya alioung'oa na mizizi yake. Majani yalikuwa na mabaka makavu ya rangi ya karatasi, na tunda la kwanza lilikuwa limetobolewa karibu na kikonyo. Aliniamkia shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia akauliza, "Sasa nipige dawa gani tena?"

Hilo neno "tena" ndilo lililonifanya nimkaribishe akae. Nilipomuuliza, akaniambia amekwisha kupiga mara nne katika wiki mbili. Dawa alikuwa ameuziwa ya kupima, ndani ya chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi yoyote, na muuzaji alimwambia tu aweke "vifuniko viwili kwa ndoo". Miche 60 ilikuwa imekwisha. Mwanawe wa miaka mitatu hucheza palepale penye matuta. Alikuwa ameazimia kutopanda kitu tena maisha yake yote, kwa kuwa aliamini hana mkono wa kilimo.

Nikamwambia, binti yangu, mkono unao. Uliteleza pale ulipochagua nyanya kuwa zao lako la kwanza.

Yule aliyezitoboa nyanya zake ni kantangaze. Ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka bahari akaingia Afrika Kaskazini, akashuka nchi kwa nchi, na mwaka 2014 akawa amekwisha kufika Kenya na Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 200. Kiwavi wake akianguliwa hutoboa jani na kuingia ndani yake, akaishi katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, akila nyama ya jani amefunikwa pande zote. Ukinyunyiza dawa, mara nyingi inabaki juu ya jani, na yeye yuko ndani. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi amekwisha kuzizoea dawa kadhaa kiasi kwamba hazimuui. Wakulima wenye uzoefu wa miaka 20 wanahangaika naye. Mtu anayeshika jembe kwa mara ya kwanza akianza na huyu, ni sawa na kumpa mtoto anayejifunza kuogelea mkondo mkali wa bahari wa Nungwi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkulima mpya ni hili: nyanya ziache kwa mwaka mmoja. Kabichi nayo iache. Anza na mboga ambazo bibi zetu walizipanda bila kumuuliza mtu.

Mimi kama ningekuwa naanza leo, ningeanza na matembele. Matembele hayataki mbegu wala kitalu, na hayahitaji duka. Nenda kwa mtu mwenye shamba la viazi vitamu, umwombe marando. Kata vipande vya urefu wa shubiri moja na nusu hivi, vyenye macho matano au sita, fukia macho matatu au manne ardhini, yanayobaki yatazame juu. Panda jioni jua likiwa limepoa, mwagilia, kisha mwagilia tena kila siku mpaka yashike. Baada ya mwezi au mwezi na nusu utaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Ndiyo, utaona vitundu katika majani, maana panzi na viwavi hupita pale kama wanavyopita kwingine. Lakini mmea huu hukua upesi kuliko wanavyoula. Sijawahi kumshauri mtu apige dawa kwenye matembele, na sioni siku nitakayomshauri.

Mboga ya pili ni mchicha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hushindwa mchicha kwa makosa wanayoyafanya siku ya kwanza.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Mbegu 1,000 hazifiki gramu moja. Mtu ambaye hajazoea akizimwaga kwa mkono, zinaanguka zote mahali pamoja, zinaota kama manyoya ya kifaranga, zinasongana, shina linakuwa jembamba na jeupe, na siku ya tano miche inaanza kulala mmoja baada ya mwingine kama iliyokatwa na uzi. Hapo mkulima analia wadudu. Hakuna mdudu. Ule ni ugonjwa unaoitwa kinyausi, unaletwa na ukungu wa udongoni, na ukungu huo hupenda miche iliyosongamana katika udongo uliolowana kupita kiasi. Dawa yake ni kuzichanganya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha chai cha mbegu kwa vikombe viwili au vitatu vya mchanga, kisha kuchora mistari myembamba kwa kidole, shubiri moja kutoka mstari hadi mstari, na kuusia mchanganyiko huo humo. Zifunike kwa udongo mwepesi usiozidi unene wa kucha. Ukizifukia sana hazitoki. Tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo, na zikichomoza, baada ya siku tatu hadi saba, ondoa nyasi siku hiyohiyo.

Wiki ya pili punguza miche. Najua mkono unasita kuing'oa miche uliyoisubiri, ila ile unayoing'oa si ya kutupa, inaingia jikoni. Wiki ya tatu au ya nne unakula mchicha wako. Hakuna zao lingine, kwa ninavyojua mimi, linalomlipa mtu subira yake haraka hivyo, na kwa anayeanza kitu hiki kina thamani kubwa. Anayekula alichopanda kabla mwezi haujaisha, atapanda tena.

Juu ya udongo niseme maneno machache. Tuta lisizidi mita moja kwa upana, ili mkono ufike katikati pasipo wewe kulikanyaga. Changanya samadi iliyooza hadi ikawa nyeusi na haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Asiye na uwanja, na wapangaji ndio wengi mijini, atumie viroba vya unga au ndoo zilizopasuka, azitoboe chini maji yapate kutoka. Kiroba kimoja kinabeba mchicha wa mlo mmoja, na viroba sita vilivyosiwa kwa kupishana wiki vinaondoa mboga moja katika hesabu za kila wiki.

Mboga ya tatu ni kunde. Zipande kwa ajili ya majani, ndizo rahisi kuliko zote kwa mbegu, maana mbegu yake ni kubwa na hata mtoto anaweza kuidondosha shimoni. Bamia loweka mbegu usiku kucha, asubuhi panda. Sukuma wiki itakuwa ya mwisho, ukishazoea, kwa sababu inataka kitalu cha wiki nne hivi na ina wadudu wake. Ila ikikubali, utachuma majani ya chini kwa miezi mingi.

Sasa wadudu.

Kwanza nimtaje adui ambaye vitabu humsahau, naye ni kuku. Miche ya mchicha ya siku kumi inaweza kumalizwa na kuku wawili asubuhi moja, nao watamalizia kwa kulichakura tuta zima. Zungushia fito, matete, au neti ya kilimo kabla ya kusia mbegu, si baada. Na hapa nina ombi jingine. Chandarua cha mbu kisitolewe kitandani kikafunike mchicha. Kile kinamlinda mtoto dhidi ya malaria, tena vingi vimewekwa dawa ambayo haikukusudiwa kugusa mboga.

Wa pili ni sota. Asubuhi unakuta mche wa sukuma wiki umekatwa shingoni na umelala ubavuni, hakuna jani lililoliwa, na hakuna mdudu wa kuonekana. Watu wengi hapa hukimbilia bomba la dawa na kunyunyizia majani ya miche iliyobaki. Sota hayuko kwenye majani. Huyu ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayefanya kazi usiku na kulala mchana, na mara nyingi amelala palepale, kina cha kidole kimoja, karibu na mche aliouangusha. Fukua kwa kijiti, utamkuta amejikunja kama pete. Muue, au mpe kuku yule uliyemfukuza. Miche iliyobaki izungushie kipande cha karatasi ngumu, nusu kiingie ardhini na nusu kibaki juu. Asubuhi mbili tatu za kufukua zinamaliza kazi ambayo dawa ya elfu kumi isingeifanya.

Katika mchicha mharibifu mkubwa ni kiwavi wa kijani anayelisokota jani kwa nyuzi nyembamba na kukaa ndani yake. Ukiona jani limekunjwa, libinye kwa vidole viwili. Ndiyo hivyo tu. Mtu mwenye matuta mawili anaweza kuyapitia yote kwa dakika kumi. Nimewaona watu wakitumia saa nzima kwenda na kurudi kununua sumu, kwa sababu ya viwavi 20 ambao wangewamaliza kwa vidole kabla chai haijachemka.

Halafu wapo wadudu mafuta, vidukari, wale wadogo laini wanaokaa kwa kundi. Kwenye kunde ni weusi, kwenye sukuma wiki wana rangi ya kijivu kama walionyunyiziwa unga. Majike yao huzaa watoto walio hai pasipo dume, na katika joto letu mtoto naye huanza kuzaa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana Jumatatu unawaona kumi, na Jumatatu ya pili jani limejikunja na limejaa. Utaona pia sisimizi wakipanda na kushuka. Sisimizi hawali mboga yako. Wanafuata utamu unaotoka kwa vidukari, na kwa ajili ya utamu huo wanawalinda kama mchungaji anavyolinda mbuzi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye jani hilohilo mara nyingi yupo mdudu mwingine, wa duara, mgongo mwekundu au wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi. Watoto humpenda. Huyo anakula vidukari, tena anakula wengi kwa siku. Mtoto wake hafanani naye kabisa. Ni mrefu kidogo, mweusi, ana miba, anatisha kama mamba mdogo sana, na kwa sababu ya sura hiyo watu humuua wakidhani ndiye mharibifu. Wapo pia vunjajungu, wapo buibui, wapo nyigu wadogo kuliko mbu. Ukipiga sumu kali, unaua hawa wote pamoja na vidukari. Lakini vidukari wachache waliojificha huzaa upesi kuliko walinzi wao, kwa hiyo baada ya wiki mbili wanarudi wengi kuliko mwanzo na hawana wa kuwala. Jirani yangu alipiga mara nne. Kila mara alikuwa anawaua askari wake mwenyewe.

Kwamba nyigu mdogo ni mlinzi wa mboga si hadithi. Nairobi ipo taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, aliyoianzisha mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Watafiti wake waliona wakulima wa kabichi na sukuma wiki wanazidi kumwaga sumu kwa sababu ya nondo wa kabichi, na nondo hapungui. Wakaleta nyigu mdogo kutoka Taiwan anayetaga yai lake ndani ya kiwavi wa nondo huyo, na mwaka 2002 wakamwachia katika milima ya Taita na kwenye nyanda za juu karibu na Limuru. Akazaliana, akaenea, mashambulizi yakapungua. Baadaye, mwaka 2017, taasisi hiyo ikaleta nyigu mwingine kutoka Peru, wa kantangaze. Mdudu mdogo asiye na jina la Kiswahili amewafanyia wakulima kazi kubwa, na malipo anayotaka ni kutopigwa sumu.

Basi vidukari tuwafanyeje? Wakiwa wachache, wasugue kwa kidole au wapukute kwa maji. Wakizidi, chukua lita moja ya maji, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji, koroga, nyunyiza jioni chini ya majani, mahali walipo hasa, maana sabuni huua anayeguswa nayo tu. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu, ungoje siku moja uone kama hayaungui. Na usinyunyize jua likiwa kali.

Viwavi wakikushinda vidole, tuna mwarobaini. Okota mbegu zilizoiva, zikaushe kivulini, zimenye, zitwange. Gramu 50 za unga huo, sawa na konzi moja ndogo, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia matone ya sabuni ili ishike jani, nyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua huiua nguvu ya mwarobaini upesi. Dawa iliyochujwa itumie siku hiyohiyo, usiiweke. Na usitarajie kuona mizoga asubuhi. Mwarobaini haufanyi kazi hivyo. Unamfanya mdudu apoteze hamu ya kula na ashindwe kujivua ngozi akue. Siku tatu nne baadaye utaona majani mapya hayana vitundu. Wengi huuacha siku ya pili wakisema ni wa uongo, na inanisikitisha kwa sababu mti wenyewe uko mlangoni mwao.

Kuna watu watakaokuambia uloweke tumbaku. Usiloweke. Maji ya tumbaku ni sumu kali kwa binadamu na hupita hata kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya na pilipili zako.

Kuhusu dawa za dukani, sisemi hazina mahali pake. Wapo wakulima wa Mgeta, huku kwetu Morogoro, wanaolima kabichi kwa biashara, nao wanajua wanachofanya na wapo maafisa ugani wa kuwaelekeza. Ninayezungumza naye ni mtu mwenye tuta moja la mchicha uani. Fikirini wenyewe: mchicha unavunwa wiki ya nne, na sehemu tunayokula ni jani lenyewe lililonyunyiziwa, halina ganda la kumenya. Dawa nyingi za viwandani zina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Kwenye mboga ya siku 28, utazingoja siku hizo lini? Ndiyo sababu kwenye mboga za majani za nyumbani jibu langu ni hapana, na sitalibadilisha.

Ikitokea siku moja ukanunua kwa ajili ya zao jingine, nunua iliyofungwa kiwandani, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na usome kibandiko hadi mwisho. Tazama mkanda wa rangi ulio chini yake. Mwekundu ni sumu kali kuliko zote, wa kijani ndio wenye hatari ndogo, na kati yao upo wa njano na wa bluu. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo ndani ya chupa.

Jirani yangu tulikwenda naye hadi kwake siku ileile. Ile chupa tuliifunga, tukaificha mbali na watoto mpaka afisa ugani aje kutuelekeza namna ya kuiteketeza. Miche ya nyanya tuliing'oa yote, tukaitia kwenye mfuko mweusi, tukaufunga na kuuacha juani, ili viwavi waliomo wafie humo. Mahali pale hatapanda nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala mnafu msimu huu, maana hizo zote ni ukoo mmoja na kantangaze anaujua ukoo huo. Nimempa marando ya matembele na kijiko kimoja cha mbegu za mchicha kwenye kipande cha gazeti.

Jana alinipigia simu. Mchicha umechomoza, mistari minne, na amekwisha kubinya viwavi wawili.

Na wewe unayenisikiliza, kama una mmea wowote hapo uani, hata mmoja uliojiotea, nina jambo moja la kukuomba. Kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, mchukue mtoto mmoja mwende naye. Geuzeni jani, mtazame chini yake, mhesabu mnaowakuta, na msimuue yeyote mpaka mmemjua ni nani.